Namna ya Kuushika Ulinganifu kwa Nati, Unga na Pedeli

Kila mwaka nikifika kwenye mada hii na kidato cha tatu, lazima mmoja anichoree kipepeo. Bawa la kushoto sawa na la kulia, basi, kazi imekwisha. Si kosa, ila kipepeo hatakufikisha mbali katika fizikia. Mwanafizikia hatazami ulinganifu, huutenda. Anakifanyia kitu jambo fulani, kisha anauliza: kuna kilichobadilika? Jaribu na sahani ya bati. Mwenzako afumbe macho, uizungushe kidogo pale pale mezani. Akifumbua na ashindwe kusema kama imezungushwa, umeupata ulinganifu. Chagua sahani isiyo na maua ukingoni, maana ua litakusaliti.

Tuache sahani sasa. Fizikia ya leo haizungushi vyombo, inazungusha sheria zenyewe.

Tafuta nati nzito na uzi. Ining'inize kwenye msumari wa mlango kama timazi ya mwashi, mita 1 kutoka msumari hadi katikati ya nati. Ivute kidogo tu, upana wa kiganja, uiachie. Hesabu mibembeo 20, kwenda na kurudi ikiwa mmoja. Unapoachia sema "sifuri", usiseme "moja". Kosa hilo limenila vipindi vingi. Saa ya simu itasoma sekunde 40 hivi. Rudia usiku, rudia Ijumaa. Ukipata 40 tena, umelisogeza jaribio katika wakati na sheria haikujali.

Hapo ndipo anapoingia mwanahisabati Emmy Noether. Mwaka 1918, huko Göttingen, Ujerumani, mwanamke huyu alichapisha uthibitisho wa kihisabati: kila ulinganifu unaoweza kuutenda kidogokidogo, kama kuzungusha sahani kwa unywele, una kiasi kimoja kisichoongezeka wala kupungua. Sheria zisipojali wakati, nishati huhifadhiwa. Zisipojali mahali, momenta (masi mara kasi na mwelekeo wake) huhifadhiwa. Zisipojali umeelekea wapi, ni momenta ya mzunguko. Kwa miaka mingi nilifundisha uhifadhi wa nishati kama amri iliyoshuka kutoka mbinguni, kumbe ina mzazi. (Mama huyu alifundisha miaka kadhaa bila mshahara, mihadhara yake ikitangazwa kwa jina la mwanahisabati mwenzake, David Hilbert. Wasichana wangu huwa kimya nikifika hapo.)

Mwanafunzi mmoja alinipinga. "Mwalimu, Nakuru iko juu kuliko Kisumu. Huko mvutano wa dunia ni mdogo kidogo, nati itabembea polepole zaidi. Basi mahali si sawa na mahali." Nilifurahi siku nzima. Kisumu tuko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru ni kama 1,850, na tofauti hiyo ipo kweli, ingawa katika mibembeo 20 ni sehemu chache tu za elfu moja za sekunde, na kidole chako kwenye simu hakiwezi kuikamata. Jibu langu lilikuwa hili: umepanda matatu na nati yako, lakini dunia umeiacha palepale. Jaribio si nati na uzi peke yake. Ni pamoja na kila kinachoivuta. Ihamishe dunia nayo, umbali uleule, uone kama saa itabadilika. Kwa hiyo, kabla hujatangaza kuwa ulinganifu umevunjika, chungulia umeacha nini nyuma. Ndiyo maana jiwe linaloanguka huongeza momenta ya kwenda chini bila aibu. Ukilihesabu peke yake, hesabu haifungi. Ingiza na dunia, ambayo nayo hupanda kulilaki jiwe kwa kiasi kisichopimika, na vitabu vinalingana.

Kwa mzunguko unahitaji kiti cha ofisi kinachozunguka na pakiti mbili za unga wa kilo 2. Kaa, nyoosha mikono na unga wako, mtu akusukume taratibu, kisha vuta pakiti kifuani. Utazunguka kasi zaidi bila kusukumwa tena: momenta ya mzunguko imebaki ileile, kwa hiyo unga ukikaribia, kasi hupanda. Tia kila pakiti ndani ya mfuko kwanza. Mimi sikutia, moja ikapasuka, na mwalimu wa Kiswahili ananiita Mama Ugali mpaka leo.

Ulinganifu wa kioo ni habari nyingine, kwa sababu hautendeki kidogokidogo: umegeuza au hujageuza. Somo langu nililipata soko la Kibuye, kwa mzee anayetengeneza baiskeli. Nilikuwa nahangaika kufungua pedeli ya kushoto kwa spana. "Mwalimu, unaikaza," akaniambia. Pedeli ya kulia hukazwa kwa kufuata saa, ya kushoto kinyume cha saa. Yaani mbili hizo ni kitu na sura yake kiooni, na zote zinafanya kazi sawasawa. Mpaka miaka ya 1950 wanafizikia waliamini maumbile yote yako hivyo. Mwaka 1956 Tsung-Dao Lee na Chen Ning Yang walionyesha kuwa hakuna aliyewahi kulipima jambo hilo kwenye kani dhaifu, ile inayozifanya baadhi ya atomu kuoza. Chien-Shiung Wu na wenzake wakachukua kobalti-60, atomu inayooza kwa kani hiyo, wakaipoza hadi karibu na sifuri halisi, baridi isiyo na chini yake, wakavielekeza viini vyake, vinavyozunguka kama pia, upande mmoja kwa sumaku. Elektroni zikatoka kwa wingi upande mmoja. Simamisha kioo kando: kiini kinaonekana kikizunguka kinyume, elektroni zinatoka upande uleule. Kiini cha namna hiyo hakipo. Tuzo ya Nobel ya 1957 walipewa Lee na Yang, Wu hakuwemo, na mimi sijawahi kulimeza hilo.

Mwisho chukua rula ya plastiki, isimamishe mezani, ibonyeze kwa kidole kutoka juu, wima kabisa. Itapinda kushoto au kulia, ingawa wewe hukuchagua upande. Sheria ina ulinganifu, rula imeupoteza. Kwa wazo la aina hiyo Peter Higgs, na kabla yake kidogo François Englert na Robert Brout, walieleza mwaka 1964 jinsi chembe zinavyoweza kupata masi, na bosoni ya Higgs, chembe inayotokana na wazo hilo, ikatangazwa mwaka 2012 huko CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva. Bonyeza mara 20, uandike kila upande. Rula yangu hupinda kulia tu, kwa sababu niliiacha dirishani ikapigwa na jua la Januari. Hiyo haihesabiki, nunua mpya.