Ukipigwa tochi njia ya Tunduma: ushauri wa dereva wa IT

Mimi ni dereva wa IT. Kwa asiyejua, hizo ni gari za "in transit", yaani za kupita tu, zinazoshushwa bandarini Dar zikiwa na safari ya Zambia, Kongo au Malawi. Tunapewa funguo, karatasi na posho, tunazifikisha Tunduma, mpakani na Zambia, halafu tunarudi na basi. Kazi hii nimeianza mwaka 2011, na ukitaka kusikia uongo mtamu njoo ukae kijiweni kwetu jioni. "Nimetoka Dar saa kumi alfajiri, saa nane mchana niko Uyole, Mbeya." Watu wanapiga makofi, wanamwagizia chai. Hakuna anayepiga hesabu. Dar mpaka Mbeya ni kilomita 800 na ushee. Kwa saa 10 huo ni wastani wa zaidi ya 80, na humo ndani kuna foleni ya Kibaha, kuna hifadhi ya Mikumi, kuna kupanda Kitonga nyuma ya malori, na kuna vijiji vya mwisho 50 kwa saa visivyo na idadi. Maana yake akitoka tu kijijini bwana huyu anakanyaga 130, tena kwa gari aliyokabidhiwa jana, ambayo hajui matairi yake yana umri gani.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Safari moja nilipigwa tochi, ile kamera ya trafiki ya kupima mwendo, mara 3 kabla ya kufika Makambako. Shilingi 30,000 mara 3, piga mwenyewe. Mwenye gari hakutaka kusikia habari hizo, faini ni ya dereva. Posho ikaisha, nikamaliza safari kwa mahindi ya kuchoma. Haya ninayokueleza nimeyalipia.

Kwanza ujue unakamatiwa wapi. Wengi wanadhani mwenye tochi anakaa katikati ya kijiji, kwenye soko na shule. Mimi karibu mara zote nimekamatwa mwishoni. Unaingia kijijini, unaona kibao cha 50, unatii vizuri kabisa. Unapita soko, unavuka tuta, mshale uko 48. Nyumba zinaanza kupungua. Linabaki banda la mkaa na mbuzi wawili. Hapo mguu unajisemea wenyewe: tumeshatoka. Kumbe kijiji hakiishi pale nyumba zinapoisha, kinaishia kwenye kibao cheupe chenye mistari myeusi ya mshazari, na kibao hicho kinaweza kuwa mita 300 mbele, kimejificha kwenye tawi la mwembe. Hizo mita 300 ndizo shamba la tochi. Mwenye tochi yuko kivulini, anakuchukua picha yenye namba ya gari, spidi na saa, anairusha kwa simu kwa mwenzake aliye kilomita 2 mbele. Wewe unafika kwa mwenzake umeshasahau kijiji, unaimba na redio.

Kwa hiyo usiongeze moto mpaka kibao cha kutoka kikupite ubavuni. Sio kukiona kwa mbali, kikupite. Na kama hakipo, maana vingine vimeng'olewa vikauzwa chuma chakavu, angalia upande wako wa kulia. Wanaotoka mbele nao wana kibao chao cha kuingia 50, na kwa kawaida kimesimikwa karibu na kile cha kwako cha kutoka. Utaona mgongo wake tu, bati tupu lisilo na maandishi. Ukiupita mgongo huo, umetoka. Hili nilifundishwa na mzee mmoja wa malori tukinywa chai Ruaha Mbuyuni, na limeniokolea pesa nyingi kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa.

Mshale wa spidi usiuamini moja kwa moja. Gari nyingi za Kijapani mshale husoma juu kidogo ya mwendo wenyewe, kwa hiyo ukiona 50 huenda uko 47. Lakini kama gari imebadilishwa matairi ikawekewa makubwa zaidi, mambo yanageuka: mshale unasema 50, tochi inasema 54. Fungua ramani kwenye simu, ilinganishe na mshale mara moja ukiwa barabara iliyonyooka, umwachie abiria aangalie, si wewe.

Kuhusu kupigiana taa. Kila dereva wa njia hii anajua kwamba anayetoka mbele akikupiga full mara mbili, kuna trafiki. Nami bado nawapigia wenzangu, siwezi kujifanya malaika. Ila usiijenge safari yako juu ya taa za watu. Full hiyo hiyo inaweza kuwa ng'ombe barabarani, lori limelala kwenye kona, au mtu anakuambia umesahau taa mchana. Ukipigwa full, punguza kwanza, maana utaijua mbele ya safari.

Sasa umesimamishwa. Washa indiketa ya kushoto, toka kabisa nje ya lami, zima gari, shusha kioo, kaa palepale. Salimia. "Habari za kazi, afande" inatosha, na kama ni mtu mzima kuliko wewe, shikamoo haijawahi kumpunguzia mtu cheo. Usianze na "kwani nimefanya nini?" kwa sauti ya ugomvi. Atakuuliza: "Unajua kule kijijini umetembea ngapi?" Wewe omba uone picha, kwa upole, ni haki yako. Na ukiiona, isome kweli. Namba ni yako? Spidi ni ngapi? Saa inalingana? Niliwahi kusimamishwa nikiwa naendesha Toyota Crown nyeupe, nikaonyeshwa picha ya Crown nyeupe yenye 83. Nikamwambia afande, hebu isome namba. Akaisoma, akaangalia ya kwangu, akacheka, akaniambia nenda. Crown nyeupe njia hii ni nyingi kuliko kunguru.

Kama picha ni yako, kubali. Ubishi wa nusu saa kandokando ya barabara haujawahi kugeuza 71 ikawa 50. Leseni itaingizwa kwenye mashine, utaandikiwa kosa na kupewa namba ya malipo. Kila kosa lina 30,000 yake, kwa hiyo aliyekuwa hajafunga mkanda, au anayeongea na simu wakati anasimamishwa, anaweza kuondoka na 60,000. (Bodaboda na bajaji walipunguziwa mwaka 2021, wanalipa 10,000. Sisi tunaendelea kusubiri.) Kulipa si lazima pale pale. Unalipa kwa simu au kwa wakala ukifika unakokwenda, kwa namba uliyopewa. Na pesa taslimu isitoke mfukoni mwako barabarani. Usiwe wewe wa kusema "afande tumalizane", na ukiambiwa wewe, jibu ni moja: naomba uniandikie. Ukilipa 10,000 ya kificho huna karatasi, na kilomita 40 mbele unaanza upya na mwingine. Kama kweli unaona umeonewa, unaruhusiwa kukataa kosa na shauri liende mahakamani. Ila jiulize kama uko tayari kurudi siku ya kesi katika wilaya ambayo ulikuwa unapita tu.

Usiliache deni lilale. Likichelewa linaongezeka, na siku ukisimamishwa tena mashine inalitoa. Polisi wana mfumo wa TMS mtandaoni, unaweka namba ya gari au ya leseni, unaona kila unachodaiwa. Anayenunua gari mkononi mwa mtu aingie humo kabla ya kutoa hata shilingi ya udalali. Nina jamaa aliyenunua Noah pamoja na madeni ya mwenzake.

Nirudi kwenye safari ile ya tochi 3. Baada ya Makambako nilikuwa sina hela ya faini ya nne. Si kwamba nilikuwa nimeokoka, nilikuwa nimefilisika. Basi kila kijiji nikawa naingia na 50 kamili: Igawa, Chimala, Igurusi. Igurusi ilikuwa jioni, watu wanaanua mpunga, watoto wanacheza chandimu kando ya lami. Mpira wa makaratasi ukatangulia, mtoto akafuata. Alikuwa mbele yangu kama mita 30. Kwa 50, sekunde moja ya kushtuka inakula mita 14, na breki nzuri kwenye lami kavu zinakula nyingine kama hizo. Gari ilisimama mpira ukiwa chini ya bampa. Mtoto akainama, akauchukua, akarudi alikotoka bila hata kuniangalia. Mimi nilibaki nimekaa, mlio wa indiketa unanipigia masikioni, sijui niliiwasha saa ngapi.

Kwa 80, sekunde hiyo hiyo ni mita 22, zaidi ya urefu wa semi-trela, na hapo mguu ndiyo kwanza unafika kwenye breki.

Halafu piga hesabu ya faida. Kijiji cha kilomita 2 ukikipita na 50 unatumia dakika 2 na sekunde 24. Ukikipita na 80 unatumia dakika moja na nusu. Umeokoa sekunde 54. Mimi kusimamishwa, kuonyeshwa picha, kuandikiwa na kubembeleza bure huwa kunanichukua dakika 25. Inabidi uvunje vijiji 28 salama ili ulipie muda wa kukamatwa mara moja, faini bado.

Nikishakabidhi gari Tunduma napanda basi kurudi Dar, nakaa kiti cha mbele nyuma ya dereva, ugonjwa wa kazi. Mabasi siku hizi yana kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kinachofuatilia mwendo, mwisho wao 80, wakizidisha kinapiga kelele piii, piii mpaka wapunguze. Safari iliyopita kilikuwa kinalia tangu tuache Mafinga. Bibi mmoja aliyekaa pembeni yangu, kapu la parachichi mapajani, akamvuta shati kondakta.

"Mwanangu, hicho kidude kinalia nini?"

"Kinasema tumechelewa, bibi."

"Basi mwambieni mimi sina haraka."