Somo: Kufufua jiko kuukuu la kuni la chuma

Wengi wakiliona jiko kuukuu huogopa kutu. Kutu ni kazi ya mikono tu. Kinachoua majiko haya ni nyufa, na nyingi huletwa na fundi mwenyewe kwa kukaza nati kupita kiasi. Nami nimo: bamba la ubavuni lilinipasukia kwa robo mzunguko wa spana, tena siku ambayo nilidhani nimemaliza.

Majiko haya ni ya chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, nacho huwa na kaboni asilimia 2 hadi 4 hivi. Kwa hiyo ni kigumu lakini hakipindi. Kikizidiwa huvunjika kama chungu. Kikipata moto hutanuka, na kisipopata nafasi ya kutanuka hujitafutia kwa kupasuka. Hatua zote hapa chini zimejengwa juu ya hilo.

1. Kagua. Usiku, zima taa, weka tochi inayowaka ndani ya jiko na ufunge mlango. Panapotoka mwanga ndipo hewa inapopita. Kisha gonga kila bamba kwa mpini wa bisibisi: lililo zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti ya debe.

2. Fungua. Piga picha kwanza, utanishukuru siku ya kuunganisha. Nati zilizoshikwa na kutu zitie mafuta ya kulegeza, uziache usiku kucha. Zikikataa, zikate kwa msumeno wa chuma. Bolti mpya hupatikana, bamba la jiko la zamani si rahisi.

Kabla hujakwangua chochote: kamba ya kuzibia mlango na ubao wa kukinga joto kwenye majiko ya zamani huenda vikawa vya asbesto, yaani nyuzi za madini zisizoungua. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Ukishuku, usiguse, mwite mwenye utaalamu. Rangi kuukuu nayo yaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo vaa barakoa ya kuchuja vumbi na ufanyie kazi nje.

3. Ondoa kutu. Brashi ya waya, kisha msasa. Vipande vidogo viloweke kwenye siki, vifute, vioshe, uvikaushe papo hapo kwa joto. Ukivianika tu, kutu mpya itakutangulia.

4. Unganisha. Kwangua saruji ya zamani yote, lowanisha viungo kidogo, paka saruji maalumu ya majiko. Saruji ya kujengea haifai, joto litaibomoa. Bolti zipake grafiti, yaani kaboni nyeusi inayoteleza, ili siku nyingine zifunguke. Zikaze kwa zamu, pembe hii kisha pembe inayoikabili, na uishie pale zinapoanza tu kushika. Acha ikauke saa 24, au muda ulioandikwa kwenye kopo.

5. Mlango. Kamba ya glasi fiba ya milimita 6 hadi 12, kulingana na upana wa mfereji wake, na gundi ya joto kali. Usiivute unapoilaza, itakonda. Kisha bana kipande cha karatasi mlangoni na ukivute. Kikitoka bila ubishi, hapo hewa inapita.

6. Moto wa kwanza. Vijiti vichache, nusu saa, acha lipoe kabisa. Rudia mara mbili, kila mara ukiongeza kidogo. Rangi mpya, kama umepaka, itatoa moshi na harufu, fungua madirisha. Weka pia king'ora cha kaboni monoksidi chumbani, kwa kuwa gesi hiyo ya sumu haionekani wala hainuki.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, bamba la juu lina ufa wa sentimita 5. Nilichomelee?*
Si kwa vifaa vya kawaida, ndugu yangu. Chuma hiki hutaka vijiti vya kuchomelea vya nikeli, bamba lipashwe joto kwanza, kisha lipoe polepole likiwa limefukiwa kwenye majivu makavu au mchanga. Likipoa haraka, ufa mwingine huzuka pembeni. Kama ufa wako haupanuki wala haupitishi moshi, toboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa ufa ili usiendelee, kisha uujaze saruji ya jiko. Ufa ukiwa kwenye chumba cha moto, badilisha bamba.

*Nina kipande cha bati la mabati. Naweza kutengenezea kizuizi cha moto cha ndani?*
Hapana. Zinki iliyopakwa juu yake huyeyuka kwa nyuzi 419 za Selsiasi tu, na moshi wake utakuletea homa. Tumia chuma tupu.

*Fundi, nimefuata yote, sasa jiko linarudisha moshi ndani. Awali halikuwa hivyo!*
Awali lilikuwa likivuta hewa kupitia mianya uliyoiziba. Sasa lazima ufungue tundu la hewa la mbele kikamilifu unapowasha. Bado likirudisha, angalia masizi kwenye bomba la moshi. Yakiwa meusi yanayong'aa kama lami, usiwashe hadi bomba lisafishwe, kwani hayo hushika moto.

*Nje naweza kupaka mafuta ya kupikia badala ya rangi nyeusi ya grafiti ya kung'arishia majiko?*
Juu, panapokaa sufuria, sawa, kwa tabaka jembamba sana. Ubavuni yatanata na kunuka.