Namna ya Kusimulia Maisha ya Mwenyeheri Jerzy Popiełuszko katika Jioni ya Rozari ya Jumuiya

Kila mwezi wa Oktoba jumuiya ndogondogo za Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, huzunguka nyumba kwa nyumba zikisali Rozari, na ni katika mwezi huo huo, mwaka 1984, ambapo Padre Jerzy Popiełuszko wa Poland aliuawa na maofisa wa usalama wa serikali ya kikomunisti akitoka kuongoza Rozari. Sioni nafasi inayofaa zaidi ya kuwasimulia ndugu zetu maisha yake. Alitekwa siku ya Ijumaa, tarehe 19, baada ya kutoa tafakari juu ya Matendo ya Uchungu mjini Bydgoszcz. Kwa hiyo chagueni Jumanne au Ijumaa, siku ambazo Matendo hayo husaliwa, iliyo karibu na tarehe hiyo, mkimwarifu paroko mapema.

Msimulizi awe mmoja, naye ajizoeze kutamka jina, ambalo kwa masikio yetu husikika karibu na «Yeji Popyewushko». Asimwite Mtakatifu, kwa kuwa Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri, ngazi iliyo kabla ya Mtakatifu, huko Warsaw tarehe 6 Juni 2010.

Kabla ya kuanza sala, jiandaeni kwa swali ambalo mzee aliyekua enzi za Azimio la Arusha hatakosa kuliuliza: kwani sisi nasi hatukuwa wajamaa? Swali hili lijibiwe kwa heshima na bila haraka, maana likiachwa, hadithi yote itaeleweka vibaya. Ni kweli kwamba kwetu shule za madhehebu zilitaifishwa, lakini dola haikufundisha kwamba Mungu hayupo, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa Mkatoliki mwenye kuhudhuria Misa, ambaye mchakato wa kumtangaza mwenyeheri ulifunguliwa na Jimbo la Musoma. Huko Poland, chama kilichoshika madaraka baada ya Vita Kuu ya Pili kilikuwa na itikadi ya kukana Mungu, nacho kiliwafuatilia mapadre kwa askari wa usalama, na hata waseminari kikawapeleka jeshini ili wito wao uvunjike. Jerzy, mtoto wa wakulima wa kijiji cha Okopy aliyezaliwa tarehe 14 Septemba 1947, alipitia jeshi hilo kuanzia mwaka 1966 hadi 1968. Alipoamriwa kuiacha rozari yake alikataa, akaadhibiwa. Hapo msimulizi anyamaze, kila mmoja ashike rozari yake mkononi, na sala ianze.

Katika Tendo la Kwanza, Yesu anapotoka jasho la damu, simulieni habari za wafanyakazi. Mwezi Agosti 1980 wafanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Huta Warszawa waligoma na kuomba padre wa kuwaadhimishia Misa, naye akatumwa, akiwa na hofu kwa sababu hajawahi kuingia mahali kama pale. Langoni walimpigia makofi, naye akadhani kuna mkubwa fulani anayemfuata nyuma. Tangu siku hiyo hakuwaacha. Tendo hili lipewe muda mrefu, kwa kuwa jumuiya zetu zina wavuvi wa dagaa wanaorudi alfajiri, wachuuzi wa soko la samaki la Mwaloni na vijana wa VIWAWA (Vijana Wakatoliki Wafanyakazi), ambao wataelewa bila kufafanuliwa maana ya padre kuja mahali pa kazi.

Tendo la Pili lihusu utawala wa kijeshi uliotangazwa tarehe 13 Desemba 1981, watu walipokamatwa kwa wingi. Kuanzia mwaka 1982, katika parokia ya Mtakatifu Stanislaus Kostka, aliongoza Misa ya kuiombea nchi kila mwezi, akihubiri neno la Warumi 12:21: «Usishindwe na ubaya, bali uushinde ubaya kwa wema.» Someni aya hiyo kutoka katika Biblia yenyewe. Katika Tendo la Tatu, la taji ya miba, inatosha kusema kwamba alidhihakiwa hadharani na wasemaji wa serikali, na kwamba mwezi Desemba 1983 askari walidai kukuta vilipuzi nyumbani kwake, vitu ambavyo wao wenyewe walikuwa wameviweka.

Tendo la Nne ni safari ya kurudi kutoka Bydgoszcz. Gari lake lilisimamishwa na maofisa watatu wa usalama. Dereva wake aliruka kutoka kwenye gari la watekaji lililokuwa likienda kasi, akatoa habari. Msieleze kipigo kwa kirefu, hasa watoto wakiwepo.

Tendo la Tano linahitaji busara kuliko yote. Alifungwa mawe na kutupwa katika mto Vistula, na mwili wake ulipatikana tarehe 30 Oktoba, siku kumi na moja baada ya kutekwa. Sisi wa ukanda wa Ziwa tunajua kusubiri mwili majini ni nini. Wapo waliosubiri hivyo baada ya meli ya MV Bukoba kuzama mwezi Mei 1996, na makaburi ya Igoma ni ushahidi. Msimulizi ajue mapema kama nyumba inayowapokea imewahi kufiwa ziwani, na ikiwa ndivyo, aitaje siku ya kupatikana mwili na kuendelea na Baba Yetu.

Baada ya Rozari semeni kwa kifupi kwamba maofisa wanne, yaani wale watatu pamoja na mkubwa wao mmoja, walihukumiwa vifungo mwaka 1985, na kwamba mazishi ya tarehe 3 Novemba 1984 yalihudhuriwa na mamia ya maelfu ya watu bila fujo. Salamu Malkia ianzishwe na mama aliye mzee kuliko wote katika jumuiya, kwa heshima ya Mama Marianna, mzazi wa Padre Jerzy, ambaye alikuwepo Warsaw siku mwanawe alipotangazwa Mwenyeheri.