Jinsi ya kulisikiliza bifu la Jay-Z na Nas mpaka ulielewe

Wengi huanza na "Ether", wimbo wa Nas wa kumshambulia rapa mwenzake wa New York, Jay-Z, kwa sababu ndiyo inayotajwa kila bifu hili likizungumzwa. Ukianzia hapo utasikia matusi tu, na nusu ya vijembe vitakupita. Tenga saa moja, vaa hedifoni, fungua mashairi pembeni, kisha fuata miaka. Chagua matoleo yasiyochujwa, maana kwenye yale ya redio maneno yaliyofutwa huvunja vina.

Fungua na "The World Is Yours" ya Nas, kutoka albamu ya Illmatic ya 1994. Ikiisha weka "Dead Presidents II" ya Jay-Z, ya 1996. Sauti inayojirudia kwenye kiitikio ni ya Nas. Ukiona haikai sawasawa na uliyoisikia punde, ni kwa sababu kipande hicho kilikatwa kwenye rimiksi ya wimbo huo iliyotengenezwa na rapa Q-Tip, si kwenye toleo la albamu alilolitengeneza Pete Rock. Usiiruke hatua hii, maana sauti hiyo itarudi kama silaha.

Sasa ingia 2001. Mwezi Juni, kwenye tamasha la Summer Jam, Jay-Z alionjesha wimbo wake "Takeover" na kumchokoza Nas hadharani. Toleo kamili lilitoka 11 Septemba kwenye albamu yake The Blueprint, biti ya Kanye West iliyojengwa juu ya "Five to One" ya bendi ya rock The Doors. Beti ya 2 inampiga Prodigy wa kundi la rap la Mobb Deep. Ya 3, ambayo ni ndefu kweli, inamlenga Nas. Isikilize mara mbili. Kwanza fuata hesabu: Jay-Z anadai kati ya albamu nne za Nas, ya maana ni moja. Kisha sikiliza anavyoitetea ile sauti aliyoichukua, kwamba kwa Nas ulikuwa mstari mkali, yeye akaugeuza wimbo mkali.

Kabla ya kumgeukia Nas, simama kwenye "Renegade", wimbo wa Jay-Z na rapa Eminem, albamu hiyohiyo ya The Blueprint. Hapa ndipo watu hupotea, wakidhani kolabo haihusiani na bifu. Eminem ndiye aliyetengeneza biti na kuchana beti mbili. Fuata vina vyake: vinagongana katikati ya mstari, si mwishoni tu, na haviachi nafasi ya kupumua. Jay-Z anachana kwa utulivu, kama anaongea. Tofauti hiyo ikishakukaa sikioni, fungua "Ether" (albamu ya Nas Stillmatic, Desemba 2001, biti ya Ron Browz). Nas anamwambia Jay-Z kwamba Eminem amemfunika kwenye ngoma yake mwenyewe. Kijembe hicho kinauma kwa sababu ushahidi Jay-Z kauweka mwenyewe kwenye albamu yake. Kwa hoja, "Takeover" iko juu. Kwa kuumiza, hakuna inayoifikia "Ether".

Jibu la Jay-Z, "Supa Ugly", usilitafute kwenye albamu zake. Lilirushwa kwenye Hot 97, kituo cha redio cha New York, na sehemu yake imechanwa juu ya biti ya Nas. Lilivuka mpaka na kuingia mambo ya familia, hadi mama yake Jay-Z akamtaka aombe radhi, naye akaomba. Kulisikiliza mara moja kunatosha.

Malizia na "Black Republican" ya 2006, waliyoichana pamoja. Wawili hao walikuwa wamepatana jukwaani New Jersey Oktoba 2005, kisha Nas akasaini lebo ya Def Jam, Jay-Z akiwa rais wake. Jay-Z anatangulia, Nas anafuata. Linganisha beti hizo kama ulivyolinganisha zile za "Renegade", uone kama safari hii kuna aliyefunikwa.