Una tatuu na unataka kuoga onsen Japani? Anza na kuchagua mji

Kila anayejua nimeenda Japani na ana tatuu swali lake ni hilohilo, eti si nitajifunika tu na taulo nipite? Hupiti. Onsen ni mabafu ya maji ya moto yanayotoka ardhini, na humo mnaingia uchi kabisa, wanaume kwao wanawake kwao, hakuna chupi hakuna nguo ya kuogelea, na kitaulo unachoruhusiwa kwenda nacho ndani ni kidogo hata bega hakifuniki. Kwa hiyo achana na habari ya kuificha, waza kwanza unaenda mji gani.

Ubaya wa tatuu kule ni wa zamani. Serikali iliipiga marufuku 1872 mpaka 1948, halafu yakuza, wale majambazi wao, wakajulikana kwa michoro mgongo mzima, basi mabafu yakaanza kubandika matangazo ya kuwazuia, na tangazo halichagui, linamkamata jambazi na linamkamata dada wa watu mwenye kipepeo kifundoni. Mwaka 2015 wakala wa utalii wa serikali uliuliza mahoteli na nyumba za wageni, kwenye waliojibu asilimia 56 wakasema hawaruhusu, 31 hawana shida, 13 wakasema sawa ila ufunike. Takwimu za siku nyingi, najua, ila ukifika unaona mambo bado yanafanana na hizo.

Mie nilijifunza kwa aibu. Kuna hoteli moja, jina naliacha, nimeshalipa, nimeshavaa yukata yao, kile kivazi chepesi cha pamba, nanyoosha mkono kupokea funguo ya loka sleevu ikapanda, mama wa mapokezi akauona mchoro, akakutanisha mikono yake kifuani ikawa kama alama ya X. Halafu akainama kuomba radhi, akainama tena. Hakuna kelele wala dharau, ila huingii, nikarudi chumbani kuoga kwenye kile kibafu cha plastiki ambacho ukikaa magoti yanagusa kidevu.

Sasa dawa yake ni Kinosaki. Ni mji mdogo mkoa wa Hyogo, treni ya haraka kutoka Kyoto ni kama saa mbili na nusu hivi, hubadilishi. Una mabafu saba ya mji mzima, wanayaita sotoyu, na yote saba yanapokea watu wenye tatuu, hakuna kujieleza mlangoni. Ukilala kwenye nyumba ya wageni ya pale, ryokan, wanakupa pasi ya kuingia yote bure, wanakupa na yukata na viatu vya mbao vinaitwa geta, mtu wa pwani akiviona atasema mbona hii ni mitalawanda, na mlio wake ni uleule, ko ko ko usiku kucha kandokando ya mto wenye mierebi. Yukata upande wa kushoto unakuja juu ya wa kulia, usikosee hapo maana kinyume chake ni maiti ndio anavalishwa hivyo.

Kila bafu lina siku yake ya kufungwa kwenye wiki so usijipangie kuyamaliza yote kwa siku moja. Goshono-yu lina maporomoko ya maji nje, Ichino-yu lina sehemu kama pango, Kono-yu lipo pembeni kidogo na ndilo linasifika kuwa la zamani kuliko yote. Mie la kwangu ni Yanagi-yu, dogo, la mbao, maji yanachoma kweli.

Hapa wengi wanateleza: mabafu ya mji kukuruhusu haina maana bafu la ndani ya ryokan yako nalo linakuruhusu, kila nyumba ina sheria zake. Kabla hujalipa watumie imeili, au ukiwa mlangoni sema tatuu ga arimasu ga, daijobu desu ka, yaani nina tatuu, ni sawa? Neno lenyewe wanalitamka kama sisi. Na kama hutaki kabisa kuoga na watu, labda kwa ajili ya stara au dini, uliza kashikiri, bafu la kukodi peke yako au na mwenzio kwa muda fulani, humo hakuna wa kukuangalia una mchoro au huna.

Stika za kufunikia zipo, maduka yao ya Don Quijote wanauza, ila zinafaa tatuu ndogo na mahali palipokubali kwamba ukifunika unaingia. Tena nyingi zina rangi ya ngozi ya Kijapani, kwenye ngozi yangu ilionekana kama plasta ya kidonda, bora hata tatuu. Na akina dada mliotoka harusini na piko mpaka kwenye viwiko, yule wa mlangoni hajui piko ni nini, subirini ifutike au elezeni mapema.

Ukishaingia, nguo zote kwenye kapu, halafu unakaa kwenye kigoda unajisugua kwa sabuni na kujisuuza mpaka povu liishe kabisa, ndio unaingia majini. Hili wanalichukia kuliko tatuu, mtu kuingia na jasho lake. Nywele ndefu funga juu, kitaulo kisiguse maji, wengi wanakikunja wanakiweka kichwani. Maji ni nyuzi 40 hadi 42 au zaidi, ingia polepole, dakika tano toka upumzike, na kama umelewa usiingie.

Kuanzia Novemba mpaka Machi ni msimu wa kaa, bei za vyumba zinapanda na wikiendi vinajaa mapema, kwa hiyo kama huli kaa nenda katikati ya wiki mwezi wa tano au wa kumi, mabafu yana nafasi na geta hazitelezi kwenye theluji.