Wimbo ukikuganda kichwani, geuza santuri

Umeme ulikatika katikati ya kiitikio. Ulikuwa mwezi wa Shaabani, harusi zimefuatana, na jirani yangu muuza vocha hapa Wete, Pemba, alikuwa ameielekeza spika yake barabarani tangu asubuhi. Spika ikanyamaza, mimi nikaendelea. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, haina habari na umeme. Mguu ulikuwa ukienda na ule wimbo, na ulipokatika nje ukabaki ndani, mstari ule ule mmoja, hadi jioni. Jioni nikapima mkono wa kanzu ya bwana harusi: inchi 25. Nikaitaja kimoyomoyo, nikageuka kuchukua mkasi, na pale nilipoiweka ile 25 nikakikuta kiitikio. Nikakata 22.

Kitambaa kingine nilinunua kwa fedha yangu. Tangu siku ile jambo hili nimelichukulia kama ninavyochukulia uzi unaokatika mara kwa mara: sipigi cherehani ngumi, nakagua kimoja kimoja mpaka nijue kasoro iko wapi. Haya ndiyo yaliyonifaa, na naamini yatakufaa na wewe.

Kwanza ondoa hofu. Wako wanaodhani wamerogwa, au akili zinaanza kuwapotea. Finland waliulizwa zaidi ya watu 12,000, na karibu tisa katika kila kumi walisema nyimbo huwaganda angalau mara moja kwa wiki. Na mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliwapigia watu nyimbo wanazozijua huku wakiutazama ubongo kwa mashine, kisha wakawa wanaikata sauti katikati. Sehemu ya ubongo inayosikia haikusimama, iliendelea kana kwamba wimbo bado unalia. Nilipoyajua hayo niliukumbuka umeme wa siku ile. Kilichonipata ni kazi ya kawaida ya kichwa kizima.

Pili, usiufukuze. Najua ndilo jambo la kwanza mtu hufanya: "Toka, sikutaki." Lakini ili ujue kama umetoka, lazima uende kuuangalia, na ukienda kuuangalia umeshauita. Daniel Wegner, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1987 aliwaambia watu wasimuwaze dubu mweupe, wakawa hawaachi kumuwaza. Dubu mweupe hapa kwetu hayupo, ila kiitikio cha taarabu kipo kila kona.

Sasa lililo kubwa. Hili nililipata kwa shangazi yangu, shamba, upande wa Konde. Zilikuwa karafuu za usiku. Rundo limemwagwa kwenye jamvi, tumelizunguka watu sita, taa katikati, kila mtu anachambua. Kazi hii mwenye kuijua anaijua: unakishika kichane, unakisugua kwenye kiganja, karafuu zinaangukia huku, makonyo unatupa kule, vidole vinanata na kunukia mpaka kesho yake. Mikono inafanya, kichwa hakina la kufanya. Nami bila kujua nilikuwa nauimba ule mstari wa Shaabani.

Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, wimbo gani huo usiokwenda mbele wala kurudi nyuma?"

Nikamwambia umeniganda, mwezi wa pili huu.

"Beti zake ziko wapi?"

Nikatafuta, sikuwa nazo. Wimbo wenye beti nne au tano, mimi nina kiitikio tu, tena nusu yake.

"Basi geuza santuri," akasema.

Akanieleza. Zamani Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 na kurekodi, upande mmoja wa santuri, ile sahani ya nyimbo, ulibeba dakika kama tatu tu. Wimbo mrefu ulikatika upande ukiisha, na aliyetaka kilichobaki aliinuka akaigeuza. Nyumbani kwao ilikuwapo moja yenye ufa, sindano ikifika pale inarudi nyuma, inarudi nyuma, mpaka mtu ainuke aisogeze kwa mkono. "Kichwa chako kimefika penye ufa," akaniambia. "Inuka."

Huko kuinuka kwangu ni hivi. Nautafuta wimbo mzima na kuusikiliza toka ala za mwanzo mpaka pigo la mwisho, nikiwa nimekaa, sifanyi kazi nyingine. Narudia mara moja, basi. Kusikia wimbo mmoja kutwa nzima ndiko kulikouleta, kwa hiyo ukizidisha unajitia ndani zaidi. Kisha naandika beti, mimi kwenye daftari langu la vipimo. Kuandika ndiko kunakoonyesha penye ufa: mara nyingi ni mstari unaofuata kiitikio, ule ambao hukuwahi kuusikia vizuri ukawa unaujazia kwa maneno ya kubuni. Ukiushika mstari ule, kazi kubwa imekwisha. Wimbo ukirudi tena, siuingii kwenye kiitikio. Naanza ubeti wa kwanza, napita wote, namaliza na fidla zinapomalizia, na hapo nauacha. Mara tatu au nne hivi, halafu wenyewe unapungua. Ule wa Shaabani uliniacha siku ya pili.

Mwanasaikolojia mmoja, Bluma Zeigarnik, aliandika mwaka 1927 kwamba kazi zilizokatizwa zilikumbukwa kuliko zilizokamilishwa. Sisemi kila wimbo uko hivyo. Nasema kwangu mimi, nyimbo zinazoganda ni zile nilizozijua kipande, na zile ninazozijua zote hunipitia na kwenda zake.

Kama huwezi kuupata wimbo, au uko kazini, tazama kazi yenyewe. Ira Hyman na wenzake, Marekani, mwaka 2013 waliona kwamba wimbo huingia kazi ikiwa nyepesi mno, na huingia pia ikiwa nzito mno, kwani hapo akili hukata tamaa ikaenda kutembea. Mimi nimeyaona hayo kwenye meza yangu. Nikishona pindo refu lililonyooka, wimbo unakuja. Nikipiga hesabu ya deni la kitambaa lisilolipika, wimbo unakuja. Nikichora shingo ya gauni kwa chaki, duara likae sawa na bega, wimbo hauna pa kukaa. Kwa hiyo siku hizi ukinishika naweka pindo kando, nachora au nakata. Wewe tafuta kazi yako ya kiasi hicho: kukagua daftari la mauzo, kumsomesha mtoto hesabu ya skuli, bao na mtu mnayelingana.

Na mdomo nao upe kazi. Wimbo wa kichwani unaimbwa kimyakimya na ulimi na midomo hii hii, ndiyo maana chuo kikuu cha Reading, Uingereza, mwaka 2015 waliona waliotafuna chingamu waliuwaza wimbo mara chache zaidi. Nilijaribu, inasaidia kwa dakika unazotafuna. Ikaingia Ramadhani, sijaenda bado kwa shangazi, na wimbo ulikuwa bado unanirudia. Mchana hutafuni kitu. Nikaugeuzia ulimi nyiradi, maneno ya kumtaja Mungu, polepole, kila neno nalitamka likasikika sikioni mwangu. Ikawa dawa kuliko chingamu. Na tangu hapo kipimo nakitaja kwa sauti, nakiandika kwa chaki juu ya kitambaa, ndipo nashika mkasi. Sijakata vibaya tena.

Wanaoteseka zaidi ni wanaojiwa na wimbo ndani ya swala, nao huona aibu kusema. Mwalimu wangu wa chuo cha Qurani alinambia nipunguze mwendo, kila aya niisome nikiifuata maana yake, wala nisikasirike wimbo ukipita. Mtu husoma haraka alichokizoea, ulimi unakwenda peke yake, na hapo ndipo kiitikio kinapopenya.

Usiku, zima mapema. Utafiti wa chuo kikuu cha Baylor, Marekani, wa mwaka 2021 uliona kuwa muziki wa kabla ya kulala huganda na kuharibu usingizi, na ala tupu zisizo na maneno ziliganda zaidi. Nilikuwa nikilala na redio. Sasa saa tatu nimeshaizima. Ila ukiwa unasikia wimbo kama unalia nje, chumba cha pili, na wenzako hawausikii, au umekunyima usingizi na kazi kwa wiki nyingi, nenda hospitali umweleze daktari.

Si kila wimbo wa kutolewa. Marehemu mama alikuwa na wimbo wa kubembelezea watoto, mistari mitatu, na nikitunga uzi kwenye sindano unanijia. Huo nauacha uje, na nikifika mwisho nauanza tena.

Jirani yangu tulizungumza, bila ugomvi. Sikumwomba azime, ile ni biashara yake. Nilimwomba tu kwamba akitaka kuzima au kubadilisha, asubiri wimbo uishe. Amekubali, na siku nyingine namwona kasimama mlangoni, kidole juu ya kitufe, anangoja fidla zimalizie. Ikiadhiniwa huzima papo hapo, wimbo popote ulipofika. Huo, baada ya swala, naumalizia mwenyewe njiani nikirudi nyumbani.