Anza kumtazama mtu mzima

Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya msingi hapa Tanzania. Wazazi huniuliza dalili za mtoto anayerubuniwa kingono na mtu mzima, nami huwaambia waanze kumtazama mtu mzima, maana mtoto anaweza kukaa miezi bila kuonyesha chochote.

Mrubuni huanza na sisi. Ndiye anayejitolea kusimamia kambi ya darasa la saba, anayefundisha tuisheni bila kudai hela, anayemrudisha mtoto kwa pikipiki yake hadi mlangoni huku mama mtu akishukuru. Walimu wema nao hufanya hayo, kwa hiyo jambo moja halitoshi kumshuku mtu. (Wala si walimu tu: mlinzi, kocha, dereva wa basi la shule.) Angalia kama amemchagua mmoja, mara nyingi yule anayelelewa na bibi au anayerudishwa nyumbani kwa michango. Angalia kama anazidi kumtenga na wenzake: tuisheni ya darasani imehamia nyumbani kwake, na madaftari ya kupeleka huko anatumwa yuleyule kila siku. Halafu inakuja siri: "Usimwambie mama, atakugombeza." Ikifika hapo mimi sisubiri dalili nyingine.

Kwa mtoto, awe wa kike au wa kiume, utaona hela ya chipsi ambayo hukumpa, kalamu ya bei aliyoiokota eti njiani, meseji zilizofutwa kwenye simu yako. Wenzake wakimwita "mke wa ticha" usicheke ukapita. Watoto hujua kabla yetu.

Kumuuliza kuna namna yake. Ukimkalisha kitini na kumkazia macho, umemkosa. Muulize mkiwa mnachambua mchele: "Kalamu nzuri hii, kakupa nani? Nani mwingine kapewa?" Akinyamaza, mwache, rudi kesho. Akisema, msikilize, mwambie hana kosa, kisha andika maneno yake kama alivyoyatamka, na tarehe. Usimhoji upya kila shangazi akifika. Na usikubali awekwe ofisini uso kwa uso na mtuhumiwa. Nimeona ikifanyika, mtoto akakana kila kitu.

Piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Kama ameshaingiliwa, hospitali kwanza, asioge wala nguo zisifuliwe: dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72. Baba mdogo akitaka yamalizwe nyumbani kwa faini, mkumbushe kwamba kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kumwingilia ni jinai, si ugomvi wa mipaka ya shamba. Shuleni, taarifa mpe mwalimu mkuu. Anayetuhumiwa akiwa ni yeye, nenda kwa afisa elimu kata.